Siku moja maishani mwangu: nawafuata sisimizi wa jua kali

Saa 12 asubuhi hapa Gobabeb, jangwani Namib, nje ni ukungu mtupu kutoka baharini na baridi yake si mchezo. Kituo hiki cha utafiti kipo tangu 1962, kando ya mto Kuiseb ambao muda mwingi ni mchanga tu. Wenzangu wanaochunguza mbawakawa washaondoka zamani, manake wadudu wao wanapanda tuta alfajiri na kuinua makalio ili ukungu uwatiririkie mdomoni. Mie sina haraka, wangu bado wamejichimbia.

Saa 3 nakagua kipimajoto, betri, rangi ya kuwawekea alama, maji. Tunduni kimya.

Saa 5 ndo wanaanza kuchomoza. Jina lao la kisayansi Ocymyrmex robustior, wembamba, miguu mirefu, mbio zao zinachosha macho, na hawaendi kwa msururu kama sisimizi wa jikoni, kila mmoja na njia yake akitafuta mdudu aliyeuawa na joto. Leo nimewawekea kijiwe cheusi kando ya tundu wakiwa bado ndani. Wa kwanza katoka, akasita, badala ya kutimua mbio akaanza kuzungukazunguka palepale, hatua mbili tatu anajigeuza anatazama tundu, anaenda kidogo anageuka tena, yani anakariri sura mpya ya mlangoni kwake kabla hajaondoka. Hapo jua nalisahau kabisa.

Saa 7 mchana mchanga umepita nyuzi 60 na bado wapo kazini! Mmoja anakimbia na windo mdomoni, ghafla anapanda ubua wa nyasi kavu, anatulia juu kidogo, kwa sababu sentimita chache tu kutoka chini hewa ina nafuu kubwa, akipoa anashuka anaendelea. Joto likizidi wanapandapanda zaidi. Watu husema wanapenda jua, mi nakataa, wanalivumilia tu kwa vile ndo muda wa mizoga mingi.

Saa 10 wanapungua, naandika nani karudi nani bado. Malkia ndo usitegemee kumwona, na hata ukimwona utampita, hana mabawa kabisa, kafanana na vibarua wake.

Saa 1 usiku laptopu, kuhamisha data, mchanga umejaa kwenye kibodi. Kesho nakitoa kile kijiwe nione watageuka tena au vipi, ila ukungu ukichelewa kuondoka ratiba yote inasogea mbele.