Mgema wa Mwakirunge na Kamba Yangu

Treni ilitushusha Miritini usiku, na konda wa matatu ya kwenda mjini akanitoza nauli ya watu wawili, eti kamba yangu ya kupandia miamba imekalia kiti, na ilhali nilikuwa nimeipakata. Chumba nilichopata kilikuwa ghali, feni haikuzunguka, mlango haukufungika. Harusi iliyonipeleka Mombasa ilifana, pilau tulikula tukashiba. Ninachotaka kukieleza ni Mwakirunge.

Tulikwenda huko na wenyeji wangu kununua madafu. Kamba nilitembea nayo, kwa sababu ya ule mlango. Tukamkuta mzee mgema akishuka mnazini, kotama kiunoni, kibuyu ubavuni, nyayo zikitafuta vidato alivyovichonga mwenyewe. Hakufungwa na chochote. Mimi hupanda miamba ya Hell's Gate, kule Naivasha, nikiwa nimefungwa kiunoni, na bado moyo hunidunda. Nilimtazama mpaka akatua.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kamba yote hiyo ya ng'ombe?”

Nikamwambia ni ya kupandia miamba.

“Juu kuna nini?”

Hakuna kitu, nikasema, ukifika unashuka.

“Asali je?”

Hakuna.

Akaketi. Aliniuliza kwa dhati, bila kunicheka, nami nikatafuta jibu la dhati. Nikamsimulia wafungwa Waitaliano wa vita vikuu vya pili, walioshikwa na Waingereza wakawekwa kambini Nanyuki. Kila kukicha waliuona Mlima Kenya, na kazi hawakuwa nayo. Januari 1943 watatu wakatoroka ili waupande. Kamba zao zilikuwa za mkonge, zilizotolewa vitandani. Mashoka ya barafu waliyatengeneza kutokana na nyundo. Kilele cha Batian, mita 5,199, kiliwashinda. Wawili wakafika Lenana, kilele kingine cha mlima huo, wakasimika bendera yao, kisha wote wakarudi kambini kwa miguu yao.

“Wakarudi kifungoni wenyewe?”

“Wenyewe.”

Alinyamaza, akaipangusa kotama kwa jani. Kisha akasema mnazi wake wa kwanza aliupanda angali mtoto, kabla hajajua kugema, na alipigwa kwa ajili yake. Alitaka kuona bahari iko upande gani. Siku hizi hupanda kwa ajili ya ada za shule za wajukuu, hutazama karara tu, na magoti yanamuuma. “Hao Waitaliano nawaelewa,” akasema. “Wewe bado.”

Nikajaribu tena. Nilimweleza kwamba ukiwa mwambani deni halikujii akilini, wala bosi. Kuna kidole hiki na ufa ule. Jiwe moja unaweza kurudi kwalo wiki nzima, ukifikiria mguu uanze upi. Hofu ipo, lakini unaijua mahali ilipo. Yote hayo aliyasikiliza kwa adabu. Kilichomshtua ni nilipotaja mtu anayesimama chini akishika kamba.

“Unamlipa kiasi gani?”

Simlipi, nikasema. Yeye hunishikia, kisha nami humshikia.

“Ukianguka?”

“Ananidaka kwa kamba.”

Akaishika kamba yangu, akaivuta kwa nguvu zote. Wagema wenzake wawili, alisema, walianguka hapo hapo, na chini hapakuwa na mtu.

Nimelifikiria hilo kuliko harusi. Kwetu Taita mawe yamejaa. Utotoni tulipanda tukiwafuata pimbi, tukaitwa kwa fimbo, na tulipokua tukaacha. Miamba nimekuja kuipanda Nairobi, ambako sina mwamba karibu ila ukuta wa mazoezi unaolipiwa kila unapoingia, na viatu vinavyomaliza mshahara. Nadhani nilichokifuata ni wale wanaonishikia kamba. Mjini nilikaa muda mrefu bila mtu wa kumwamini hata na ufunguo.

Kabla ya kuondoka Mombasa nilimpigia binamu yangu wa Voi, tuliyefuata naye pimbi. Nikamwambia aje, nitamfundisha kushika kamba. Akauliza kama kuna posho. Hakuna, nikamjibu, ila nauli nitalipa mimi, na viatu atavaa vyangu, maana miguu yetu inalingana.