Jinsi nilivyoijua saini ya bandia kwenye bango la sinema la zamani

Jamani alhamdulillah nimepumua, naandika ili mwengine anaekusanya mabango ya zamani asihangaike. Nilitaka kununua bango la Mother India, filamu ya Kihindi ya 1957, lina saini ya Nargis, mwigizaji wake mkuu, kwa kalamu nyeusi, na nikaambiwa ilitiwa filamu ilipotoka tu. Bei ilikuwa juu kwa sababu ya saini hiyo.

Nikalinganisha na picha za saini zake mtandaoni, zinafanana, lakini anaeghushi nae si anatazama picha hizohizo. Wazee wa enzi za Cine Afrique, lile jumba la sinema la Zanzibar, bango wakalijua, saini hapana.

Kilichonitoa ni lenzi ya sonara, niliazima sokoni Darajani, na tochi ya simu. Zima taa ya chumba, tochi ilaze pembeni ya karatasi mwanga upite juujuu, halafu ufuate wino taratibu mpaka pale saini inapopita kwenye mkunjo. Hapo ndo penyewe. Bango likikaa limekunjwa miaka, rangi ya mkunjoni hubanduka karatasi ikabaki wazi, na kama saini ilikuwepo mwanzo basi wino nao unabanduka pamoja na rangi. Wino wa bango hili ulikuwa umezama ndani ya ufa, umetambaa kwenye nyuzi za karatasi kama mizizi, yaani mtu kasaini bango lishachakaa! Tena mistari ina unene mmoja mwanzo mwisho, wakati mkono uliozoea kusaini huenda mbio na wino hufifia mwishoni.

Bango lenyewe zuri khasa, nimelichukua kwa bei ya bango tupu, na muuzaji karidhia.