Kamba, maua na mawe: nilivyoisimulia ajali hadi ikaacha kunirudia

Kwa miaka miwili sikuweza kuvumilia harufu ya petroli. Nikiinusa tu, nilikuwa ndani ya ajali tena: moyo unaenda mbio, viganja vinalowa, vipande vya kioo vinaniwasha shingoni ingawa kidonda kilishapona zamani. Gari letu lilipinduka usiku, tukiwa watu wanne. Kaka yangu hakutoka.

Watu walionipenda waliniambia nisahau. Yaliyopita si ndwele, walisema, nigange yajayo. Nami nilijitahidi kwelikweli. Nilizificha picha zake kabatini, jina lake sikulitaja, gari usiku sikupanda. Kadiri nilivyokimbia ndivyo jinamizi lilivyonifuata. Saa tisa usiku nilikuwa nimeketi kitandani, shuka limelowa jasho.

Mara ya kwanza nilipotafuta msaada niliumia zaidi. Mshauri niliyemwendea alinitaka nieleze yote siku hiyohiyo. Nikalia saa nzima, muda ukaisha, nikaambiwa niende. Wiki mbili zilizofuata nilikuwa hoi kuliko mwanzo, na nikaapa sitarudi kwa mtu yeyote. Ndiyo maana huwa nawasihi watu: ukitoka kwa mshauri umezidi kuumia na hakuna aliyekutuliza kabla hujaondoka, tafuta mwingine. Usidhani umeshindikana.

Mtaalamu wa pili, mwanasaikolojia, hakuniuliza habari ya ajali kabisa siku ya kwanza. Aliuliza ninalalaje, naishi na nani, na kama nina mawazo ya kujidhuru. Kisha akanieleza njia zilizopo za kutibu kiwewe. Kuna tiba ya kuzipima fikra na kuyakabili taratibu yale unayoyakwepa. Kuna ile ya kufuatisha kwa macho mwendo wa kidole huku tukio umelishika akilini, iliyoanzishwa na Francine Shapiro huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Zote mbili zimo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013. Ya tatu ndiyo tuliyoichagua: kuyasimulia maisha yote kwa mpangilio wake. Ilibuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Ujerumani, na miongoni mwa watu wa mwanzo kutibiwa kwayo walikuwa wakimbizi wa Sudan waliokuwa kambini Uganda.

Akatandaza kamba sakafuni. Ncha moja ni siku niliyozaliwa. Upande wa pili akauacha umeviringwa, kwa miaka ambayo bado. Akanipa maua ya kuweka palipokuwa na furaha na mawe ya kuweka palipouma. Nilishangaa jinsi maua yalivyokuwa mengi. Jiwe la ajali nililishika muda mrefu kabla ya kuliweka, likapata joto la mkono wangu.

Alinieleza kwamba katika hatari ubongo hunasa kwa nguvu harufu, sauti na hofu, lakini mahali na wakati huvinasa kwa ulegevu. Ile ya kwanza aliiita kumbukumbu moto, ya pili kumbukumbu baridi. Ya moto isipofungamana na ya baridi, mwili haujui kwamba jambo limekwisha.

Tulianzia utotoni, kila kikao saa moja na nusu. Mimi nasimulia, yeye anaandika, na kikao kinachofuata ananisomea alichoandika kabla hatujaendelea. Ajali tuliifikia kikao cha nne. Nilitaka kuipita haraka.

"Polepole," akasema. "Mikono yako ilikuwa wapi?"

Kwenye dashibodi. Ulisikia nini? Indiketa, tik, tik, ilikuwa bado inalia. Na sasa hivi, hapa chumbani, unasikia nini? Saa ya ukutani. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mguu mmoja kule, mguu mmoja hapa. Nilitetemeka, na hakuniruhusu niondoke mpaka nilipotulia.

Miaka yote miwili nilikuwa nimebeba sentensi moja: nilimwacha. Ajali tuliisimulia vikao vitatu, na katika cha tatu nikafika mahali ambapo sikuwahi kufika. Nilimwita kaka mara tatu, hakujibu. Nikanyoosha mkono, nikashika shati lake. Halafu kuna mkono ulionikamata bega kutoka nyuma, ukanivuta nje kupitia dirishani. Sikutambaa kumkimbia. Nilivutwa huku nimeshika shati.

Nililia siku ile kwa namna nyingine kabisa. Nililia msiba wa kaka yangu, ambao ile lawama ilikuwa haijanipa nafasi ya kuulia.

Tulimaliza vikao tisa. Sitasema nimepona kana kwamba hakuna kilichotokea. Sauti ya breki kali bado inanishtua, na mwezi wa ajali nalala vibaya. Lakini usiku napanda gari, petroli inanuka petroli, na picha zake ziko mezani.

Kurasa zile za simulizi yangu alinipa, nikazitia sahihi. Nimemsomea mama mara moja. Alisikiliza kimya mpaka tulipofika kwenye ule mkono, akaniuliza, "Alikuwa nani, mwanangu?"

"Sikumwona uso, mama."

Akaniomba nirudie kusoma hapo.