Msumeno wa mkanda kwenye banda la nyuma

Leo msumeno wa mkanda, ule wa mkanda wa chuma wenye meno unaozunguka kwenye magurudumu mawili, la juu na la chini, umekata ubao wake wa kwanza. Naandika nikiwa na unga wa mtiki hadi kwenye nyusi, na mama watoto ameshasema sikanyagi sebuleni mpaka nioge.

Kila anayepita bandani ananiuliza kwa nini sikununua msumeno wa duara, maana karakana nyingi ndio zinaanzia hapo. Jibu langu ni bei ya mbao. Mninga wa maana umeadimika, na unaoletwa siku hizi upana wake kiganja na nusu. Mtiki tunao karibu, shamba la mitiki la Longuza liko hapo Muheza, lakini ukaribu haupunguzi bei. Sasa msumeno wa duara unakula karibu milimita 3 kila unapopita. Wa mkanda unakula milimita 1 hivi. Chukua ubao wa milimita 50, utake kupata mbao nne nyembamba: utapasua mara tatu, na kwa duara milimita 9 zimekwenda sakafuni. Kwa mkanda ni 3. Piga hesabu hiyo kwa kabati zima uone ni droo ngapi unazoziita vumbi. Tena duara la kawaida halifiki kina. Unapasua upande mmoja, unageuza, unapasua wa pili, halafu unakesha na randa kuondoa ngazi iliyobaki katikati.

Mashine ilikuja na kirikuu, ndani ya kreti, na vijana wa bodaboda wa kona ndio walioishusha. Magurudumu yake ni ya inchi 14, mota ya nguvu farasi moja. Kila penye chuma kitupu palikuwa na grisi nzito ya safari. Nimeitoa kwa mafuta ya taa na matambara, na kwa hapa Tanga kazi hiyo ukishaianza huendi kulala kabla ya kuimaliza, kwani upepo wa bahari hauna subira na chuma kilichoachwa wazi. Meza nimeipaka nta ya nyuki nikaisugua mpaka ubao ukawa unateleza wenyewe.

Kuunganisha miguu na meza sina la kusimulia, ni nati na bolti. Utamu uko kwenye mkanda.

Mkanda huja umekunjwa miduara mitatu, na ukifungua waya unaoufunga unaruka kujinyoosha, kwa hiyo glavu kwanza na watoto nje. Ukishauvika kwenye magurudumu, meno yanatakiwa yakutazame wewe unayesimama mbele na yaelekee chini, mezani. Yakielekea juu, kuugeuza mbele nyuma hakusaidii kitu. Upindue ndani uwe nje, utakaa. Kabla ya kuuvika niliupitisha vidoleni taratibu nikitafuta pale ulipochomelewa. Kiungo kizuri unakiona kwa rangi tu, chuma kimebadilika kidogo, lakini kidole hakikwami. Kikikwama, kila mzunguko utasikia tak, tak, tak kwenye beringi zinazouongoza mkanda. Hiki kiungo ndicho kilichochelewesha mashine yenyewe duniani. Mwingereza William Newberry alipata hataza ya wazo hili mapema miaka ya 1800, ila mikanda ya wakati ule haikuhimili. Ikapita miongo kadhaa mpaka Mfaransa, mwanamke, Anne Paulin Crepin, alipopata namna ya kuunga ncha hizo zikashika, mwaka 1846. Binti yangu aliposikia hivyo akasogea karibu, na ndiye aliyenishikia tochi kazi yote iliyobaki.

Kukaza, mashine ina kipimo chake chenye namba. Sikiamini sana. Nilipandisha nguzo ya beringi juu, nikausukuma mkanda ubavuni kwa kidole. Uliposogea kama robo inchi nikaona inatosha. Plagi wakati wote huo iko mfukoni mwa binti, maana mimi na swichi hatuaminiani.

Halafu kuulaza mkanda katikati ya gurudumu. Ule mpira uliovikwa kwenye gurudumu umeinuka kidogo katikati, na mkanda wenyewe hupenda kupanda pale palipoinuka. Kwa nyuma kuna skrubu inayoliinamisha gurudumu la juu. Unazungusha gurudumu kwa mkono, unatazama mkanda unakokimbilia, unaikaza skrubu kidogo sana, unazungusha tena. Mkanda hautii papo hapo. Unahitaji mizunguko kadhaa ndipo utulie mahali pake. Mtu mwenye haraka ataizungusha skrubu mara mbili kabla mkanda haujaamua, kisha ataanza kuufukuza huku na huku. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote, na kusema kweli nilipafurahia. Redio ilikuwa inatangaza mpira, na sikuweza kukuambia nani kafunga.

Beringi za kuongozea ndizo za mwisho, na utaratibu huu haugeuzwi, kwa sababu ukizikaza kabla mkanda haujatulia, unaulazimisha kupita usipotaka. Za ubavuni nilizipima kwa noti ya elfu moja: noti inapita kati ya beringi na mkanda, bila kubanwa. Ziwe nyuma kidogo ya mabonde ya meno, la sivyo meno yatasaga chuma. Ya nyuma inataka nafasi kubwa zaidi, na hapo ikanifaa kadi ya mchango wa harusi, ambazo nyumbani kwangu hazijawahi kupungua. Beringi hiyo isizunguke mkanda unapozunguka mtupu. Izunguke pale tu unaposukuma ubao. Nikamalizia kwa kusimamisha skwea mezani, mgongo wake ukigusa mkanda, nikalegeza meza na kuikaza mpaka mwanga ukaacha kupita katikati.

Mjomba alifika wakati huo. Enzi zake alikuwa mpasua mbao huko Usambara, wale wa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini shimoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hili nalo linapasua?"

Nikamfungulia milango nimwonyeshe. Akalitazama gurudumu la juu, akainama kulitazama la chini, akalizungusha kwa kidole. "Aa, kumbe wa chini yupo. Ila huyu haliwi na vumbi machoni." Akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Umeme nao una zamu zake. Jioni unapungua mtaani kwetu, mota inavuma bila kuzunguka, na mota ikivuma hivyo uizime mara moja kabla haijaungua. Kwa hiyo hii itakuwa mashine ya asubuhi. Kwa saa nzima ya kazi inakula uniti moja hivi ya LUKU, si haba kwa inachofanya.

Ubao wa kwanza nilichora mstari nikaufuata kwa mikono mitupu, bila egemeo la pembeni. Nilitaka kuona mkanda unavutia wapi. Karibu kila mkanda una upande wake: ukisukuma sawasawa na ukingo wa meza, unateleza nje ya mstari. Nilipofika katikati nikasimamisha mashine, nikachora pembe ambayo ubao ulikuwa umeikalia, na egemeo nikalifunga kwa pembe hiyohiyo. Wapo mafundi wanaosema mkanda ukipangwa vizuri hauvuti kabisa, na huenda wa kwao hauvuti. Wangu unavuta kushoto kidogo, nimeupa haki yake, na ubao wa pili umetoka unene mmoja mwanzo mpaka mwisho. Mjomba aliupima kwa kuupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, macho kafumba.

Kitu kimoja nimemweleza binti kwa ukali. Mashine hii inakandamiza ubao mezani, hairushi kipande kama duara, na kwa hiyo inaonekana pole. Lakini ndugu yake ndiye anayekata mifupa buchani. Kidole kitabaki mbali na mstari wa meno, na mwisho wa ubao unasukumwa kwa kijiti. Barakoa pia ni lazima, mimi vumbi la mninga linanipa chafya hadi usiku.

Jirani ameshachungulia ukutani. Ana kipande cha mvule uani kwake tangu wajenge ukuta, anataka nimpasulie mbao za kitanda. Nimemwambia asubiri kwanza. Mkanda wa meno matatu kwa inchi ninao mmoja tu, na ndani ya mvule huwa mna mawe, mawe kweli, ya chokaa, ambayo mti huyatengeneza wenyewe na hujui yalipo mpaka meno yayakute. Kesho asubuhi nitakwenda na patasi nikaligonge gonge gogo lake, nikisikia penye mlio wa jiwe atalipeleka kwa mwingine.