Nyanya zangu za kwenye ndoo, na hii habari ya maganda ya mayai

Wiki hii nimeulizwa tena, mara ya tatu sasa, nyanya zangu zinaoza kitako, je nisage maganda ya mayai mangapi niweke kwenye ndoo? Naandika yote hapa mara moja maana nikijibu mmoja mmoja naishia kukasirika, na simkasirikii anayeuliza, namkasirikia aliyemwambia. Mimi pia niliambiwa. Niliambiwa na watu kama sita tofauti, nikafanya kama walivyosema, nikapoteza karibu mwezi mzima na nyanya kumi na moja ambazo nilikuwa nimezihesabu moja moja.

Ilikuwa 2020. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga tarehe 11 Machi, na mwezi haujaisha tulikuwa tumeshafungiwa ndani, kazi imehamia kwenye meza ya kulia chakula, watoto nao na masomo yao wako meza hiyo hiyo, maduka ya mbegu na vifaa yamefungwa. Bustani sina, nina balkoni tu, na jua linaingia kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Sikuwahi kupanda kitu maishani mwangu. Nilichotaka ni kuwa na kitu cha kukiangalia asubuhi kabla sijafungua simu na kuona idadi ya wagonjwa wa jana.

Mbegu nilizitoa kwenye nyanya iliyokuwa imeiva kupita kiasi jikoni, maana pengine pa kuzipata hapakuwepo. Ukifanya hivi usizianike na ule ute wake. Ule ute ndio unaoizuia mbegu isiote ikiwa bado ndani ya tunda, kwa hiyo ukamue kwenye glasi, weka maji kidogo, acha siku mbili tatu mpaka juu pafanye utando na paanze kunuka kama kitu kilichochacha, halafu osha kwenye chujio. Zilizo nzima zinazama, zile tupu zinaelea unamwaga. Zianike kwenye sahani, kwenye karatasi zinagandia. Na ujue tu kwamba nyanya nyingi za kununua ni chotara, mtoto anaweza asifanane na mama kabisa, mimi kati ya miche minne niliyobaki nayo mmoja ulizaa nyanya ndogo ndogo kama za mapambo na mingine ikazaa kubwa.

Sasa jaribio la kwanza. Nilijaza udongo kwenye vikombe vya plastiki, udongo wa chini ya jengo, mzito, ule ukikauka unakuwa kama tofali. Vikombe sikuvitoboa, nilikuwa naogopa maji yasichafue sakafu. Nikafunika kwa nailoni ili joto libaki, nikamwagilia asubuhi, mchana na jioni kwa sababu mtu alinisisitizia kwamba mche ni mtoto mchanga, haupaswi kuona kiu hata dakika moja. Siku ya saba zikaota. Ishirini na mbili! Nilimwita kila mtu nyumbani aje aone, vimeinama vile kama vishikio vya kikapu halafu mchana vimenyooka vimefungua vijani viwili viwili, na mbegu nyingine bado zimevaa ganda lake kichwani. Nilipiga picha nyingi mno nikawatumia ndugu wote.

Siku ya kumi na moja asubuhi nikakuta mitatu imelala. Nikadhani ni kiu, nikamwagilia. Jioni ikalala mingine mitano. Nikaushika mmoja nikauangalia kwa karibu, juu majani mazima ya kijani kabisa, lakini pale shina linapotokea kwenye udongo pamekonda pamekuwa kama uzi uliolowa, rangi ya kahawia, ukiubonyeza unapasuka. Baada ya siku mbili hakukuwa na hata mmoja uliosimama. Nililia, sioni aibu kusema, kile kipindi kila mtu alikuwa na kitu anakililia na mimi kilinitokea hicho.

Kumbe ule ni ugonjwa, wakulima wanauita kinyausi, vimelea vya ukungu vinavyokaa kwenye udongo na vinavyopenda sana unyevu mwingi pasipo hewa. Yaani ule uangalifu wangu wote, nailoni, maji mara tatu, kikombe kisicho na tundu, ndio uliovitengenezea nyumba.

Mara ya pili udongo niliuchanganya na mchanga na majani yaliyooza chini ya mti, nikaumwagia maji yanayochemka nikaufunika mpaka ukapoa wenyewe, vikombe nikavitoboa kwa msumari uliopashwa moto, nailoni nikatupa. Maji nilimwagilia kwenye sahani chini ya kikombe, siyo juu, na nilisubiri uso wa udongo ukauke kwanza ndipo niongeze. Haikufa tena. Ila niliiweka ndani mbali na dirisha siku nne kwa sababu ya upepo, ikarefuka ikawa myembamba inayumba kwa kutafuta mwanga, na hapo tena nikaambiwa imeshaharibika nitupe nianze upya.

Msitupe jamani! Nyanya ina kitu ambacho mimea mingi haina, shina lake lote likifukiwa linatoa mizizi. Wakati wa kuhamishia kwenye ndoo nilikata yale majani ya chini, nikaufukia mche mpaka karibu na kichwa, umebaki juu kama urefu wa kidole. Wiki mbili baadaye shina lilikuwa nene kuliko penseli. Mpaka leo hata mche ukiwa mzuri naufukia hivyo hivyo.

Kuhamisha kwenyewe hakuna cha kueleza. Ndoo za lita 20, mche mmoja kila ndoo, matundu chini, fimbo ya kuegemea. Hela niliyotoa ni ya mbolea tu na sidhani kama hata niliiona imepungua mfukoni.

Maua yalikuja mwishoni mwa Juni, ya njano, yameinama, na yakaanza kudondoka yakiwa mazima. Hapa ndipo nilipogundua kitu ninachojivunia. Ua la nyanya lina dume na jike humo humo, halihitaji ua lingine, linachohitaji ni kutikiswa tu ili chavua idondoke, na huko nje kazi hiyo inafanywa na upepo na aina fulani za nyuki ambao wanang'ang'ania ua wanatetemesha misuli yao mpaka chavua inamwagika. Balkoni yangu ina ukuta pande tatu, upepo hakuna na nyuki sikuwaona. Nikakumbuka mswaki wa betri. Nikauwasha, nikagusisha ule mgongo wake, siyo zile nywele, kwenye kikonyo cha kichala nyuma ya maua, na chini nikakinga simu iliyozimwa kioo ili nione kama kuna kinachotoka. Kwenye kile kioo cheusi likashuka vumbi la njano laini sana, kama poda, unaweza kulipuliza likaondoka. Nikawa nafanya hivyo kila siku saa sita mchana hewa ikiwa kavu, sekunde mbili tatu kila kichala. Baada ya kama wiki nyuma ya maua yaliyonyauka nikaona vitufe vya kijani vikubwa kama punje ya pilipili manga. Kama huna mswaki wa namna hiyo piga piga kikonyo kwa kidole, inafanya kazi ila inachukua muda.

Basi Julai nyanya zikawa zimefika ukubwa wa yai na hapo ndipo kitako kilipoanza. Mwanzo ni kidoa kama cha maji, kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, pale chini kabisa ua lilipodondokea. Siku tatu nne kinakuwa cha kahawia, kisha cheusi, kinabonyea ndani, na ngozi yake inakauka kama ngozi ya kiatu. Hakitoi maji, hakinuki. Nikauliza watu. Wote, kalsiamu, inakosa kalsiamu, saga maganda ya mayai. Nikasaga. Nyumba nzima ilikuwa haitupi ganda, nikayakausha, nikayaponda kwenye kinu, nikayafukia kuzunguka kila shina, na nikarudia baada ya wiki. Nyanya zikaendelea kuoza vile vile, na sisimizi wakaja.

Aliyenisaidia ni mzee anayekaa ghorofa ya chini yangu, mkulima wa miaka mingi, tulikuwa tunaongea kila mtu kwenye balkoni yake kwa sauti ya juu maana kukutana kulikuwa kumekatazwa. Nilikuwa namlalamikia kuhusu maganda. Akaniuliza, "Unamwagilia saa ngapi?"

Nikamwambia, "Nikimaliza kazi mzee, saa mbili usiku. Nazipa nyingi maana nakuta udongo umekauka mpaka umeachana na ndoo."

Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, mchana unaiua kwa kiu, usiku unaizamisha. Hayo mayai yatakusaidia nini?"

Nikaenda kusoma na nikaelewa. Kalsiamu haitembei yenyewe, inabebwa na maji kutoka kwenye mizizi. Jua likiwa kali majani yanapoteza maji mengi kwa hiyo ndiyo yanayavuta yote kwao, tunda linapata masalio, na siku udongo ukikauka tunda halipati kitu, tena wakati ambao linakua haraka na linahitaji zaidi. Udongo mwingi kalsiamu upo wa kutosha, shida ni usafiri. Na ukiongeza mbolea nyingi ya kukuza majani unaongeza tatizo, na mimi nilikuwa nimeongeza.

Sasa, mikutano ya kazi ilikuwa inaanza asubuhi mpaka jioni, kumwagilia mara nne kwa siku siwezi. Nikajaribu ule mtindo wa chupa iliyotobolewa kizibo unaichomeka kichwa chini. Tundu likiwa kubwa chupa inaisha dakika tano, likiwa dogo udongo unaliziba. Nilitoboa vizibo tisa. Nikaacha, nikakumbuka utambi wa taa, mafuta yanapanda yenyewe bila kusukumwa na mtu. Nikachukua kamba ya nailoni, ncha moja kwenye dumu la maji na nyingine kwenye udongo, nikasubiri siku nzima, tone hata moja halikupita. Kamba ile hainyonyi! Nikakata fulana kuukuu ya pamba tupu, mkanda wa upana wa vidole viwili, nikausokota, nikaulowesha wote kwanza, hili la kulowesha msilisahau bila hivyo unachelewa sana kuanza, nikazamisha ncha moja mpaka chini ya dumu na nyingine nikaifukia karibu na mizizi kina cha kiganja. Dumu nililiweka juu ya stuli nikidhani likiwa juu ndiyo vizuri.

Asubuhi dumu lilikuwa tupu na sakafu imelowa mpaka mlangoni. Maji yakishaanza kupita kwenye kitambaa, kadiri dumu lilivyo juu kuliko udongo ndivyo yanavyovutwa kwa kasi. Nikalishusha likawa usawa mmoja na uso wa udongo, nikafunga mdomo wake mbu wasizalie, na ile sehemu ya mkanda iliyokuwa wazi juani, ambayo mchana ilikuwa inakauka, nikaipitisha ndani ya kipande cha mpira wa maji. Hapo ikakaa sawa. Ukichomeka kidole kwenye udongo asubuhi ni unyevu, mchana ni ule ule, usiku ni ule ule. Lita tano zilikuwa zinatosha ndoo moja siku tatu hivi, siku za jua kali mbili.

Zile zilizooza nilizichuma zote, haziponi, zinakula nguvu bure. Vichala vilivyofuata havikutoa hata tunda moja lenye kitako cheusi. Hata moja. Ya kwanza iliiva katikati ya Agosti, tuliikata vipande vitano, kila mtu mezani chake.

Yule mzee nilimshukuru kwa mche. Yale machipukizi yanayoota kwenye kwapa la jani, ambayo unayavunja ili mmea usiwe kichaka (na vidole vinabaki na rangi ya kijani-manjano na ile harufu ambayo sabuni inaitoa kwa shida), mimi siyatupi, ukiliweka chipukizi kwenye glasi ya maji siku kumi hivi linatoa mizizi. Nilimshushia viwili ndani ya kindoo kwa kamba. Kindoo kilipanda kikiwa na kikaratasi ndani, ameandika "Ukimfundisha mtu, mwambie fulana iwe ya pamba", nikajua alikuwa anafuatilia kila kitu kutoka huko chini.

Mwezi wa kumi na moja mimea ilipochoka nikaing'oa na kumwaga udongo kwenye turubai nianze upya. Maganda ya mayai yalikuwemo yote. Miezi minne ndani ya udongo wenye unyevu, na vipande vilikuwa vile vile nilivyoviponda, vyeupe, kingo zake bado kali, ukivishika vinachoma kidole.