Mama na Chiriku wa Iowa

Mama alichota punje chache kwenye kiganja, akazipuliza, kisha akatia moja mdomoni na kuitafuna kwa meno ya mbele. Akatema.

"Hizi zimechacha," akasema. "Ndege naye si mjinga."

Ilikuwa Julai 2017, siku ya nne tangu nimpokee uwanja wa ndege wa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, na usingizi wake ulikuwa bado uko Ifakara: saa nane usiku macho makavu, saa nane mchana anasinzia kwenye kochi. Alikuwa amenikuta nyuma ya nyumba nikijaza bomba la kulishia ndege, kazi niliyokuwa nayo tangu Mei bila mafanikio. Shomoro walikuja, wakachungulia, wakaenda zao.

Niliyekuwa namtaka ni ndege mmoja tu. Wenyeji wanamwita American goldfinch, na Iowa wamemfanya ndege wa jimbo lao tangu 1933. Mimi namwita chiriku, maana ni wa ukoo mmoja na chiriku wetu wa nyumbani, na kwa domo wamefanana. Kiangazi dume anakuwa na manjano ya ndimu iliyoiva, kofia nyeusi kwenye paji la uso, mabawa meusi yenye michirizi myeupe. Uzito wake hauzidi sana vijiko vitatu vya chai vya sukari.

Ugonjwa huu nimeutoa kazini. Ninalea wazee, zamu ya usiku, na bibi mmoja niliyekuwa namhudumia alikuwa na bomba kama hilo nje ya dirisha lake. Kulipokucha, nikishamgeuza na kumwekea mto mgongoni, tulikuwa tunaangalia wote. Ndiye aliyeniambia kwamba chiriku hawa hutaga wakati ndege wengine wanakaribia kumaliza, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti, kwa sababu wanasubiri mibaruti itoe sufi. Sufi hiyo ndiyo godoro la kiota, na mbegu zake ndizo uji wa makinda. Wadudu hawawahusu. Ndege mwingine huko ana tabia ya kutaga kwenye viota vya wenzake ili wamlelee. Akitaga kwa chiriku, kinda lake halimalizi wiki, linakufa kwa lishe ya mbegu tupu. Bibi alikuwa analisimulia hilo kwa furaha ambayo sikuitegemea kwa mtu wa kanisa.

Basi nikanunua bomba lenye vitundu vyembamba na vijiti vya kutulia, na mfuko wa mbegu ziitwazo nyjer: punje nyeusi, nyembamba, fupi kuliko mchele. Dukani zilikuwa zimepunguzwa bei. Hapo ndipo ningeshtuka.

"Umenunua shilingi ngapi?" Mama akauliza.

"Dola kumi na tisa."

Anajua kupiga hesabu ya dola haraka kuliko mimi. "Elfu arobaini na mbili! Chakula cha ndege!" Akakaa kwenye ngazi ya kibaraza.

Inabidi nieleze Mama ni nani mbele ya ndege. Sisi tumekulia kwenye mpunga. Mpunga ukishatia maziwa, kwelea kwelea wanashuka kama wingu, na mmoja anaweza kumaliza gramu 10 za nafaka kwa siku. Zidisha kwa maelfu na maelfu, utaelewa kwa nini tulikuwa tunaamka gizani. Kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, kulikuwa ni alfajiri na jioni, saa wanazokula. Sisi watoto tulivuta kamba zilizofungwa makopo, tukapiga kelele mpaka koo linakauka. Mama alisimama juu ya dungu na teo lake la katani na rundo la vidonge vya udongo. Alikuwa hakosi. Bega lake la kulia mpaka leo halipandi vizuri, na akilikanda kwa mafuta ya nazi analaumu ndege, si umri.

Huyo ndiye aliyekuwa amekaa kwenye ngazi yangu, akitazama mfuko.

Akaomba karatasi. Nikampa risiti iliyokuwa mfukoni. Akaweka punje tatu juu yake, akazisaga kwa ukucha wa dole gumba. Zikatoka unga wa kijivu, mkavu. "Ona. Ufuta ukiufanya hivi unaacha doa la mafuta. Hizi ni makapi. Zimetoka wapi?"

Nikageuza mfuko. Ethiopia. Huko wanaziita nug na wanazikamua mafuta ya kupikia. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la khanga. "Yaani zimetoka kwa majirani zetu, zimevuka bahari, zimechachia huku kwako."

Tulinunua nyingine duka tofauti, na safari hii alisaga punje palepale nyuma ya gari. Doa likatokea. Nyingine alizificha kwenye kopo la mtindi lenye udongo, nadhani akiwa na mpango wa kurudi na mbegu Ifakara. Alimwagilia siku kumi, hakuna kilichoota. Nilipouliza nikaambiwa mbegu hizo hupashwa moto wa nyuzi 120 hivi kabla ya kuruhusiwa kuuzwa, ili zisilete magugu ya kigeni. "Wamezikaanga," Mama akasema, akamwaga udongo.

Ndege bado hawakuja. Jioni moja akasimama katikati ya nyasi, mikono kiunoni, akazunguka mahali pale kama bwana shamba.

"Wewe unataka waje au unataka wakimbie?"

"Waje, Mama."

"Mbona umewaamia?"

Sikuelewa. Akaonyesha nguzo. Nilikuwa nimeisimika peupe kabisa, ili nione bomba kutoka jikoni. "Sisi tulikuwa tunafyeka vichaka vyote pembeni mwa shamba, ndege akose pa kutulia na kuchungulia. Wewe umefyeka." Kisha akagusa kengele za upepo, vile vibomba vya shaba walivyonizawadia wenzangu kazini nilipohamia nyumba hii. Nilikuwa nimezitundika nguzo ileile, mkono wa pili. Vikalia. "Na makopo umewafungia."

Sijui kama kengele zile kweli zilikuwa zinawatisha. Bibi wa kazini alikuwa nazo mbili na ndege wake walikula tu. Lakini ukishaona makopo huwezi tena kuona kengele, nikazitoa. Nguzo tukaihamishia karibu na mti mdogo wa matufaha, hatua nne hivi kutoka kwenye kitalu cha maua.

Kitalu hicho kilikuwa cha mwenye nyumba aliyetangulia: echinacea, maua ya zambarau ambayo petali zikishadondoka hubaki kichwa kikavu chenye miiba kama mgongo wa nungunungu. Agosti ilipofika yalikuwa yamekauka, na jirani alishaniuliza, kwa upole wa watu wa huku, kama nahitaji kuazima mkasi. Nilikuwa nao mkononi Mama alipotoka nje.

"Unavuna nini?"

"Nasafisha, Mama."

Akachuma kichwa kimoja, akakifikicha kwa uangalifu, akanionyesha mbegu. "Hili ni suke. Acha."

Nikaacha. Jirani asinisamehe.

Asubuhi yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimetoka zamu, sijabadilisha hata nguo za kazi, tumekaa kibarazani na chai ya tangawizi. Mama alikuwa kimya, mgongo wima, kile kimya cha dungu ninachokijua. Kwanza tukamsikia: silabi nne nyepesi, zinazorudiwa kila anaporuka. Kisha tukamwona anakuja juu ya paa la jirani, anapanda na kushuka hewani kama sindano ya mtu anayeshona.

"Mnana," Mama akanong'ona. Kisha: "Siyo. Mdogo. Chiriku."

Hakwenda kwenye bomba. Pesa yangu yote hakuitazama. Alitua kwenye mti wa matufaha, akachungulia, akashukia ua moja lililokauka. Shina likapinda chini ya uzito wake, akapinda nalo, akaanza kuchomoa mbegu moja moja. Niliona ganda jembamba likimdondoka kwenye ncha ya mdomo. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliona jicho lake linageuka.

"Haaa! Haa-haa! Swaaa!"

Kikombe changu kilimwagika. Mama alikuwa amesimama, mkono wa kulia juu hewani, ule usiopanda, umepanda. Kofi likalia. Chiriku akapaa. Mbwa wa nyumba ya tatu akaanza kubweka.

Tulitazamana. Mama akaushusha mkono taratibu, akauangalia kama wa mtu mwingine.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Umekwenda wenyewe."

Siwezi kueleza tulivyocheka. Jirani alifungua dirisha, akatupungia, akalifunga.

Siku mbili hakuja kitu. Siku ya tatu dume alirudi, na jike lake la rangi ya zeituni iliyofifia, wakatua kwenye bomba, kila mmoja na kijiti chake. Mama alikuwa amekalia mikono yote miwili. Baba alikuwa kwenye simu, huko kwao kumeshaingia giza, na nilikuwa nimemweka kwa sauti kubwa.

"Mwambie," Mama akanong'ona bila kugeuza shingo, "nimekaa nawaangalia wanakula."

Nikamwambia. Kukawa kimya kidogo Ifakara.

"Na teo," Baba akauliza, "mmemnyang'anya?"