Kifudifudi

"Mama, kifudifudi ni nini?"

Ilikuwa Jumanne jioni. Binti yangu amefungua daftari la Kiswahili mezani, mimi namenya matooke, utomvu umenikauka vidoleni. Nikamwambia alale kwenye zulia, tumbo chini, uso chini. Akalala, akacheka, akainuka, akaandika maana yake. Mimi nikabaki nimesimama na kisu, na pua yangu, naapa, ikasikia harufu ya mchaichai.

Mwaka 2014 Jjajja wake, yaani bibi yake, mama yangu mimi, alitimiza miaka 60. Nilikuwa nimedunduliza tangu Januari, nikalipia usiku mmoja kwenye hoteli kubwa pale Nakasero, Kampala, pamoja na saa moja ya kukandwa kwenye spa. Sikumuuliza kwanza. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba mtoto aliyemsomesha kwa kuuza ndizi ameweza.

Lifti, maua, mashuka meupe, kijana aliyetubebea begi dogo ambalo Mama hakutaka kuliachia: hayo yote yalipita vizuri. Mama alivaa gomesi yake ya rangi ya dhahabu na akatembea kama mgeni wa heshima, ndivyo alivyokuwa.

Spa ilikuwa nyuma ya bwawa la kuogelea. Mwanga hafifu, taulo zilizokunjwa, beseni la maji ya uvuguvugu lenye majani ya mchaichai. Mkandaji alikuwa binti wa Mombasa. "Shikamoo, Mama," akasema, na Mama akajibu, "Marahaba." Niligeuka kumtazama. Marehemu baba alikuwa mtu wa Bukoba, na nyumbani kwetu yeye aliuliza kwa Kiswahili, Mama akajibu kwa Luganda, miaka yote. Alielewa kila neno. Lakini kinywani mwake, hasa mbele ya watu, Kiswahili hakikutoka.

Tulipooshwa miguu, binti yule akapiga kitanda kwa kiganja, kile chenye tundu la kuwekea uso, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Sasa lala chini, Mama. Kifudifudi."

Mama alikuwa ameketi ukingoni, kajifunga taulo. Hakulala. Mikono yake ikaanza kupanda. Ilipanda polepole, ikapita mabega, ikasimama usawa wa masikio, viganja wazi. Macho yake yalikuwa ukutani. Hakupiga kelele wala hakulia. Alikaa hivyo, mikono juu, na maji yakimdondoka miguuni, na mimi mtoto wake sikujua la kufanya.

Binti wa Mombasa hakuuliza kitu. Alishika mkono mmoja, akaushusha hadi magotini pa Mama. Akashika wa pili, akaushusha. Kisha akaketi sakafuni. "Kaa tu, Mama. Nitaanza na miguu."

Hakwenda zaidi ya miguu. Saa nzima alikanda nyayo na visigino vilivyopasuka, na Mama akamsimulia. Kwa Kiswahili. Mimi nilisikiliza kama mpita njia.

Mwaka 1982, alfajiri, wanaume wenye sare walizingira mtaa wao. Watu wa rika la Mama wanaijua misako ile kwa jina lake, panda gari, kwa sababu ndiyo amri iliyotolewa: unapakiwa kwenye lori na kupelekwa kuchujwa, na wengine hawakurudi. Waliamriwa walale chini, kifudifudi, kwenye murram iliyolowa mvua. Mjomba wangu alilala kando yake. Kiwiko chake kiligusa kiwiko cha Mama, na Mama akajua kwamba maadamu anakisikia kile kiwiko, kaka yake yupo. Kisha kikaondoka. Alipoambiwa ainuke, lori lilikuwa limekwisha kupinda kona.

Hakuna aliyetuambia alikopelekwa.

Nilimpeleka Nakasero mtu kama huyo. Kwangu mimi ni kilima cha hoteli na balozi. Kwa watu wa umri wake, ndipo ilipokuwa State Research Bureau, idara ya usalama ya Idi Amin iliyoogopwa. Na hoteli ya Nile Mansions, iliyojengwa kwa ajili ya mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1975, baadaye ilitumiwa na wanausalama kuhojia na kutesea watu. Tangu 2006 mahali pale ni hoteli ya Serena. Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Nilikuwa nimeyasoma, na bado nikalipia chumba.

Usiku ule Mama alisimama dirishani muda mrefu akitazama taa za mji. Nikamwomba msamaha. Akasema kitanda ni kizuri, nilale.

Mwaka uliofuata aliniuliza kama yule binti wa Mombasa bado yupo. Nikapiga simu, alikuwa ameacha kazi. Mama akanyamaza, kisha akasema, kwa Kiswahili, "Mikono yake ilikuwa na joto." Sijui mpaka leo kama nilimpa zawadi au nilimtonesha kidonda. Huenda ni vyote viwili. Tangu siku ile huwa anamsalimia mjukuu wake kwa Kiswahili, na Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima mashuleni, alisema ni vizuri watoto wakijifunze kwa walimu.

Binti yangu alikuwa bado mezani. Mwalimu anataka pia sentensi.

"Tumpigie Jjajja," akasema. "Yeye anakijua."

Nikamwambia Jjajja amelala. Ilikuwa saa moja ya jioni.